Kaliandra Embu: Hesabu ya Mita 250

Katika miteremko ya Mlima Kenya, ng'ombe wa Embu walishiba mabingobingo zizini bila maziwa kuongezeka. Nyasi hizo zina protini kidogo, na chakula cha dukani bei yake haikushikika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi za KARI (ya kilimo), KEFRI (ya misitu) na ICRAF (ya kilimo-misitu) wakaanza kujaribu kaliandra, kichaka cha jamii ya mikunde chenye asili ya Amerika ya Kati. (Lusina, mti mwingine wa malisho uliosifiwa kabla yake, ulivamiwa na mdudu mfyonza utomvu mwaka 1992.)

Protini ya kaliandra ni nyingi, lakini kwa maoni yangu kilichowavuta wakulima ni mahali pa kuipanda. Shamba la hapo lilikuwa la hekta 1.5 hivi, limejaa kahawa na mahindi. Nani angeng'oa mahindi ili apande majani? Tupige hesabu. Ng'ombe akipewa kilo 6 za majani mabichi kwa siku, hizo ni kama kilo 2 kavu, yaani kilo 730 kwa mwaka. Kichaka hutoa takriban kilo 1.5 kavu kwa mwaka, kwa hiyo vinatakiwa 500 hivi. Vikiachana nusu mita, ni ua wa mita 250. Shamba la mraba la ukubwa ule lina mzunguko wa karibu mita 490. Nusu ya mpaka inatosha, na kingo za matuta bado hazijaguswa.

Ua hukatwa kwenye urefu wa mita moja au chini kidogo, usije ukatia mahindi kivuli. Majani hulishwa mabichi, kwa kuwa yakikaushwa tanini iliyomo ndani yake huishika protini na ng'ombe hafaidi sana. Kilo 3 mbichi hukaribia kilo 1 ya chakula cha dukani. Mwenye ng'ombe ataamua kama apunguze gharama au aongeze maziwa.

Kilichokwamisha kuenea kwake ni mbegu. Ua unaokatwa kila baada ya miezi michache hauzai, hivyo lazima miti kadhaa iachwe pembeni ikue. Hata hiyo ina ukorofi wake: ganda likikauka hupasuka ghafla na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo huchumwa likishageuka kahawia, kabla halijafunguka. Mbegu huloweshwa saa 48 katika maji baridi kabla ya kupelekwa kitaluni.