Kuokoka, Kujiokoa na Kusalia: Uhakiki wa Visa vya Wanahewa wa Ndege za Mabomu

Miongoni mwa masimulizi yaliyotokana na Vita Kuu ya Pili, ya 1939 hadi 1945, visa vya wanahewa wa ndege za mabomu walioponea chupuchupu havikosi wasomaji. Mimi pia ni mmoja wao. Walakini kila nijaribupo kuvieleza kwa Kiswahili hukwama penye neno moja. Kiingereza hutosheka na kitenzi kimoja kwa mambo ambayo sisi twayatenga: yuko aliyeokoka, yuko aliyejiokoa, na yuko aliyesalia. Mfasiri hana budi kuchagua. Na achaguapo, amekwisha kutoa hukumu juu ya kisa chenyewe. Katika makala haya nakusudia kuvipima visa vitatu kwa mizani ya vitenzi hivyo.

Kisa cha kwanza ni cha Nicholas Alkemade, mpiga bunduki wa mkiani katika ndege ya Kiingereza aina ya Lancaster. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944, ilipokuwa ikirejea kutoka Berlin, ndege yake ilishambuliwa ikashika moto. Mwavuli wake wa kurukia ulikuwa umeungua. Aliona heri kuanguka kuliko kuteketea, akajitupa kutoka kimo cha futi 18,000 hivi. Matawi ya misonobari na theluji vikampokea, akaamka na mguu ulioteguka. Wajerumani waliomteka hawakumsadiki mpaka mabaki ya ndege yalipochunguzwa. Hapa kitenzi ni kuokoka, katika kauli ya kutendeka: jambo limetokea, wala hapana mtenda. Alkemade hakuipanda misitu ile wala hakuitandaza theluji. Wasimulizi mara nyingi huishia kwenye ajabu hiyo. Lakini rubani na wenzake watatu walikufa katika ndege ile ile, nao ni nadra kupewa hata sentensi moja nzima.

Kisa cha pili kimo katika kitabu cha Laura Hillenbrand, Unbroken, kilichotoka 2010. Louis Zamperini, mkimbiaji wa Olimpiki ya 1936, alikuwa mlenga mabomu katika ndege ya Kimarekani iliyoanguka katika Bahari ya Pasifiki tarehe 27 Mei 1943, ilipokuwa ikitafuta ndege nyingine iliyopotea. Kati ya watu 11 walipona 3, wakaelea juu ya vyelezo vya mpira. Zamperini na rubani wake, Phillips, walikaa baharini siku 47, kisha wakatiwa mikononi na Wajapani. Jina la kitabu, lenye maana ya asiyevunjika, latuelekeza kwenye kitenzi kujiokoa, kana kwamba nia ya mtu ndiyo iliyomvusha.

Nausifu uchunguzi wa mtungaji, kwa maana uchunguzi huo huo ndio unaolipinga jina alilokipa kitabu. Mtu wa tatu, Francis McNamara, ndiye aliyekula chokoleti yote ya akiba usiku wa kwanza. Na ndiye huyo huyo aliyemkabili papa kwa kasia akamnusuru Zamperini. Alikufa siku ya 33. Je, tuseme kwamba nia yake ilivunjika? Ushahidi wa kitabu wasema sivyo. Ni mpangilio wa kisa tu umfanyao kuwa kivuli cha shujaa.

Kisa cha tatu ni cha Cy Grant, mzaliwa wa Guyana, mwelekezi wa njia katika ndege ya Lancaster iliyoangushwa nchini Uholanzi mwezi wa Juni 1943. Alikaa utekani karibu miaka miwili. Gazeti la Kijerumani lilichapa picha yake, likamwita mwanahewa wa asili isiyojulikana. Naye akayafanya maneno hayo kuwa jina la kitabu chake cha 2006. Uzeeni alisaidia kukusanya kumbukumbu za wanahewa wenzake waliotoka Karibi, wazima na wafu.

Hapo ndipo nilipolikuta neno nililolitafuta: kusalia. Mtu aweza kuokoka peke yake. Kusalia hawezi, ila pawe na jumla iliyopunguzwa. Na jumla hiyo twaijua. Katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza walitumika wanahewa 125,000 hivi. Waliokufa ni 55,573. Chini ya ndege hizo walikuwapo wenyeji wa miji. Huko Hamburg, mwishoni mwa Julai 1943, makumi ya maelfu waliteketea, nao pia waliacha waliosalia.

Huenda msomaji akaniambia kwamba haya ni mambo ya sarufi tu. Nakiri kwamba ni ya sarufi. Lakini sarufi ndiyo humweka mtu mmoja mwanzoni mwa sentensi na kuwatoa wengine nje yake. Basi atakayevifasiri visa hivi kwa Kiswahili asifanye haraka ya kuandika kwamba shujaa alijiokoa. Na ahesabu kwanza waliopanda ndege ile, kisha ahesabu walioshuka, ndipo achague kitenzi.