Nani Alilipia Elimu? Uhakiki wa Maandishi ya Jotirao Phule

Makala haya yanahakiki maandishi ya Jotirao Phule (1827–1890), mwandishi wa Kimarathi aliyepinga mfumo wa kasta, yaani ule mpangilio wa jamii ya Kihindu unaompa mtu cheo, kazi na mipaka ya ndoa tangu siku anayozaliwa. Phule hutajwa kwa namna mbili. Wafuasi wake humweka juu ya mimbari kwa jina la Mahatma, alilopewa mjini Bombay mwaka 1888. Wahakiki wake humwona kama mwandishi mwenye ari kubwa na mbinu dhaifu za utafiti. Namna zote mbili zinampunja. Phule anastahili kusomwa leo, hasa na wanaoshauri kuhusu sera za lugha na elimu, kwa sababu aliuliza swali ambalo wanamageuzi wengi wa zama zake walilikwepa: fedha za elimu zinatoka kwa nani, na elimu yenyewe inamfikia nani?

Maisha yake yanaeleza chimbuko la swali hilo. Alizaliwa Pune katika kasta ya Mali, wakulima wa maua na mboga; jina Phule lenyewe linatokana na neno la Kimarathi lenye maana ya ua. Alisoma katika shule ya wamisionari wa Kiskoti. Mwaka 1848 alialikwa kwenye harusi ya rafiki yake Brahmani, akafedheheshwa katika msafara wa bwana harusi kwa kuthubutu kutembea na watu wa kasta ya juu. Mwaka huohuo alifungua shule ya wasichana mjini Pune. Mkewe, Savitribai, ambaye kusoma alifundishwa na yeye, alikuwa mwalimu wa shule hiyo. Ukoo haukuvumilia, na mwaka uliofuata wenzi hao waliihama nyumba ya baba. Zikafuata shule za watoto wa wale walioitwa wasioguswa, na mwaka 1868 akawaruhusu watu hao kuteka maji katika birika la nyumbani kwake. Mwaka 1873 aliasisi Satyashodhak Samaj, Jumuiya ya Watafuta Ukweli, ambayo wanachama wake walifunga ndoa bila kuhani wa Kibrahmani.

Kitabu chake mashuhuri, Gulamgiri, kilitoka mwaka huohuo wa 1873. Msomaji wa Kiswahili hatalikosa neno lililomo ndani ya jina hilo. Ni lile lile ghulamu la tenzi zetu. Katika Kiarabu lilimaanisha mvulana, na pia mtumishi. Washairi wa pwani wakabaki na mvulana, Wamarathi wakabaki na mtumwa. Gulamgiri, basi, ni Utumwa. Phule alikitabaruku kitabu kwa watu wa Marekani kwa sababu ya kukomesha utumwa wa watu weusi, akitumaini kwamba wananchi wenzake wangefuata mfano huo. Tabaruku hiyo imesifiwa mno, na mara chache imehakikiwa. Inawashukuru waliofungua minyororo, ila haiwataji watumwa waliotoroka, walioandika na waliopigana wenyewe. Kwa mwandishi ambaye hoja yake nzima ni kwamba aliyedhulumiwa anapaswa kujisemea, hilo ni pengo.

Tarehe hiyo ya 1873 ina uzito wa pekee kwetu. Mwanzoni mwa mwaka huo Bartle Frere, aliyewahi kuwa Gavana wa Bombay, alifika Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Frere aliondoka bila saini. Mkataba ulitiwa saini mwezi Juni, chini ya tishio la manowari, na soko la watumwa likafungwa. Kwa hiyo, wakati dola iliyomtawala Phule ilikuwa ikijitangaza huku kwetu kama mkombozi wa watumwa, yeye aliandika kutoka jimbo alilotawala Frere kwamba utumwa wa aina nyingine unaendelea ndani ya ofisi za dola hiyohiyo, kwa kuwa makarani na walimu wake walitoka karibu wote katika kasta moja. Katika Gulamgiri bado anaiamini serikali ya Kiingereza na kuilaumu kwa upole, kama mtu anayedhani kosa ni la kutojua. Miaka kumi baadaye upole huo umepungua sana, kama tutakavyoona.

Kwa umbo, Gulamgiri ni majibizano kati ya Dhondiba anayeuliza na Jotirao anayejibu. Lugha yake ni Kimarathi cha sokoni na shambani, chenye kejeli na hata ukali unaochukiza, kinyume cha Kimarathi kilichosheheni Kisanskriti ambacho wasomi wa Pune walikiona kuwa ndicho sanifu. Uteuzi huu wa lugha ni sehemu ya hoja. Majibizano yenyewe, hata hivyo, hayana usawa: mara nyingi Dhondiba huuliza ili jibu lipate nafasi, na shaka zake huzimwa upesi.

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika historia. Phule alichukua nadharia ya wataalamu wa Ulaya kuhusu kuja kwa Waarya, akaigeuza kichwa chini: waliosifiwa kwa kuleta ustaarabu akawaita wavamizi, na visa vya miungu kama Vamana na Parashuram akavisoma kama kumbukumbu za vita dhidi ya wenyeji waliotawaliwa kwa haki na mfalme Bali. Ili kuthibitisha, anategemea etimolojia. Jina la kasta ya Mahar, kwa mfano, analifasiri kuwa maha-ari, adui mkuu, yaani watu walioadhibiwa kwa sababu walipigana zaidi ya wengine. Kiisimu, ufafanuzi huu hausimami. Mfanano wa sauti pekee hauthibitishi asili ya neno. Isitoshe, anayejenga haki ya watu juu ya uenyeji wao wa kale anamwachia mpinzani nafasi ya kubishana kuhusu nani alifika kwanza, badala ya kubishana kuhusu dhuluma ya leo. Mwaka 1946 B. R. Ambedkar alimtabarukia Phule kitabu chake kuhusu asili ya Mashudra, ilhali ndani ya kitabu hichohicho aliikataa nadharia ya uvamizi wa Waarya. Naona huo ni mfano mzuri wa heshima ya kitaaluma: hoja mbovu inaachwa na mtu anaenziwa.

Phule aliye imara zaidi yumo katika taarifa aliyoiwasilisha kwa Kiingereza mbele ya Tume ya Elimu ya William Hunter mwaka 1882. Hapa hakuna Vamana wala Parashuram. Hoja ni ya hesabu: sehemu kubwa ya mapato ya serikali inatokana na jasho la wakulima, lakini fedha hizo zinasomesha watoto wa kasta za juu katika shule za juu, kwa imani kwamba elimu itatiririka yenyewe hadi chini. Phule anakanusha kwamba imetiririka. Anadai elimu ya msingi iwe ya lazima angalau hadi umri wa miaka 12, na walimu watoke katika jamii za wakulima, watu wasioona haya kushika jembe.

Katika mtalaa anaoupendekeza kuna jambo dogo ambalo wahakiki hulipita haraka. Anataka watoto wafundishwe kusoma na kuandika hati mbili, Balbodh na Modi, pamoja na hesabu, kilimo na afya. Balbodh ilikuwa hati ya vitabu vilivyochapwa. Modi ilikuwa hati ya mkono, ya kumbukumbu za ofisi na mikataba ya mikopo. Tukumbuke kwamba mwaka 1875 wakulima wa wilaya za Pune na Ahmednagar waliwavamia wakopeshaji na kuchoma hati za madeni. Mtoto aliyefundishwa Balbodh peke yake angeweza kusoma kitabu cha hadithi, lakini karatasi iliyochukua shamba la babake ingebaki fumbo. Phule hasemi hivyo waziwazi katika taarifa. Ni ufasiri wangu. Unaungwa mkono, hata hivyo, na Shetkaryacha Asud, Kiboko cha Mkulima, aliyoikamilisha mwaka 1883, ambamo anamfuata mkulima kutoka kwa karani hadi kwa wakili na mahakamani, na ambamo maofisa wa Kiingereza nao wanachapwa kwa anasa zao na kwa kuwaachia makarani kazi yote.

Sera nyingi za lugha za Afrika Mashariki hupima mafanikio kwa lugha inayotumika darasani. Kipimo cha Phule ni kingine: je, aliyehitimu anaweza kusoma hati zinazomfunga, ziwe za mkopo, za ardhi au za mahakama? Lugha ya mama pekee haikumtosha kama jibu, ndiyo maana alidai hati mbili na mwenyewe akaandika kwa lugha mbili.

Mwaka 1885 M. G. Ranade alimwalika Phule kwenye mkutano wa waandishi wa Kimarathi. Alikataa kwa barua, kwa sababu hakuona umoja wa kweli kati yake na waandishi ambao vitabu na matendo yao yaliwanyima wengine haki za kibinadamu. Washiriki wa kongamano la lugha kama hili letu wana sababu ya kuisoma barua hiyo kwa makini.

Iwapo Phule atafasiriwa kwa Kiswahili, napendekeza kazi ianze na taarifa ya 1882, ifuatwe na Shetkaryacha Asud. Gulamgiri ije ya tatu, ikiwa na maelezo ya mhariri kuhusu kila etimolojia, na mfasiri asikisafishe Kimarathi chake cha sokoni kuwa Kiswahili cha ofisini.