Kitasa cha Pikapu na Chumvi ya Kilwa

Dereva amevuta kishikio mara nne. Mara ya tano amevuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ameukita kwenye bampa, na mlango wa nyuma wa pikapu haukutikisika. Ndani kuna masanduku ya samaki. Maji ya barafu yanachuruzika kwenye upenyo wa chini na kudondoka mchangani, na kila tone ni hasara ya mwenye mzigo.

Mwenye haraka huomba nyundo. Fundi wa Kilwa Masoko anayeijua kazi yake huomba kwanza masanduku mawili ya mwisho yapitishwe juu ya ubavu wa bodi yashushwe, kisha anapanda mwenyewe, anachuchumaa mbele ya mlango na kutazama.

Katika Hilux nyingi za zamani kazi yote imefichwa katikati ya mabati mawili. Kishikio kikivutwa huzungusha kipande kidogo cha chuma kwenye pini yake. Kipande hicho huvuta rodi mbili nyembamba, moja kulia na moja kushoto, na kila rodi hufungua loki yenye ulimi unaoing'ata pini ya kwenye bodi. Rodi moja ikichelewa kidogo tu, upande mmoja unaachia na mwingine unang'ang'ania. Dereva hawezi kuihisi tofauti hiyo mkononi; anachokiona ni mlango uliogoma. Land Rover za zamani hazikuwa na mashaka haya, maana mlango wao ulifungwa kwa pini bapa zilizoning'inia kwenye minyororo. Unachomoa, unashusha, basi.

Na Kilwa ni mahali pagumu kwa chuma. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo bati lililorowa maji ya bahari halikauki sawasawa hata jua liwake vipi. Kutu nayo ina tabia ambayo mafundi wa pwani wanaijua kwa vidole: huvimba. Hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ikaziba ule upenyo mdogo ndani ya loki hadi ulimi ukakosa pa kupita. Ndiyo maana kitasa hukwama miaka mingi kabla ya kukatika. Mitepe, vyombo vya kale vilivyokuwa vikisafiri katika pwani yetu, ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, haikuwa na msumari wa kuliwa na chumvi. Sarafu nyingi walizopiga masultani wa Kilwa zilikuwa za shaba, na tano kati yazo ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ng'ambo ya bahari nzima. Shaba ilistahimili karne kadhaa. Loki ya pikapu inayobeba samaki wa barafu haina bahati hiyo.

Fundi anaanza na skrubu za kifuniko cha ndani. Zenyewe zimeota kutu, na hapa ndipo mtu anapojulikana kama ni fundi au ni mwenye zana tu. Anachagua bisibisi inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, anadondoshea dizeli kidogo, anagonga mpini kwa kiganja, anangoja. Skrubu ikichubuka kichwa, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Kifuniko kinatoka. Anaivuta rodi ya kushoto kwa koleo: tak! Anaivuta ya kulia. Kimya.

"Sukuma mlango huo, kaka, uje huku ndani."

"Nisukume? Si tunaufungua, fundi?"

"Sukuma. Uuondolee mzigo."

Dereva anaegemeza bega. Alichoambiwa kinaonekana kinyume, lakini ni sahihi kabisa: mtikisiko wa njia umeyasogeza masanduku yakaukandamiza mlango, na ulimi umeegemea pini kwa uzito wote huo. Ukisogezwa milimita mbili tatu kuelekea ndani, ulimi unalegea. Fundi anavuta tena, tak! Mlango unashuka, na samaki wanashushwa.

Dereva angependa kuondoka. Fundi anamzuia, na uamuzi huo ndio unaostahili sifa kuliko hata ule wa kuufungua mlango. Anazitoa loki zote mbili, anazilowesha kwenye mafuta ya taa, anazisugua kwa brashi ya waya mpaka ulimi unaanza kwenda na kurudi kwa kidole kimoja. Klipu ya plastiki iliyoshika rodi imekatika. Anaitengenezea nyingine kwa spoku ya baiskeli, akiikunja kwa koleo. Anazungusha ncha ya rodi yenye uzi, anapima, anazungusha tena, mpaka pande mbili ziachie kwa sauti moja. Grisi anapaka utando mwembamba tu, kwa sababu ikizidi hukamata mchanga na kugeuka msasa. Mwisho anachokoa kwa waya matundu ya chini ya mlango, yaliyoachwa ili maji yatoke. Yalikuwa yamezibwa na mchanga na magamba ya samaki.

Ustadi huu wa kutengeneza badala ya kubadilisha una historia yake huku kusini mwa Tanzania. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kutoka Dar es Salaam yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na spea ilifika pale ilipofika. Hata Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara ya kutoka Dar es Salaam pale Somanga. Fundi aliyelelewa katika mazingira hayo hawezi kukitupa kitasa kwa sababu klipu moja imekatika.

Mafundi wengi wa aina hii walijifunza chini ya mwembe, kwa kumshikia spana fundi mwingine. Hawana cheti, na bila cheti zabuni ya kutengeneza magari ya taasisi huwapita. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Viongozi wa Kilwa wausogeze utaratibu huo hadi kwenye gereji za Masoko, Kivinje na Nangurukuru, waliko mafundi wenyewe.

Nawe mwenye pikapu, ukishashusha samaki osha mlango wa nyuma kwa maji baridi ya kisima, si ya bahari, ndani na nje, na uhakikishe yanatoka kwenye matundu ya chini. Kitasa kikikwama hata hivyo, iache nyundo ndani ya gari, muite fundi, na umlipe siku hiyohiyo.