Namna RKO Ilivyoikata The Magnificent Ambersons

Katika visa vyote vya kampuni za sinema kutia mkono katika kazi ya mwongozaji, hakuna, kwa maoni yangu, kinachostahili kuchunguzwa kuliko kadhia ya The Magnificent Ambersons, filamu aliyoiongoza Orson Welles kwa kampuni ya RKO ya Hollywood. Kwani humo mtazamaji aweza kuona kwa macho yake mahali mkasi ulipopita, na aweza pia, akiangalia kwa utulivu, kutambua sababu ya baadhi ya matukio kunusurika ilhali mengine yalihasiriwa.

Riwaya ya Booth Tarkington ya mwaka 1918, ambayo ndiyo asili ya filamu hiyo, yahadithia ukoo wa matajiri wa mji wa bara huko Marekani ambao jaha yao yayoyoma kidogo kidogo, kadiri motokaa na viwanda vinavyougeuza mji ule usitambulike. Welles, aliyekuwa kijana wa miaka 26 alipoanza kupiga picha mnamo Oktoba 1941, alifahamu kwamba habari ya kuporomoka polepole haisimuliki kwa haraka. Kwa hivyo yeye na mpiga picha wake, Stanley Cortez, waliyarefusha matukio, wakaiacha kamera itembee katika vyumba vya jumba la ukoo huo usiku wa dansi, ili mtazamaji akae ndani ya ufahari kwa muda wa kutosha hata aje kuhuzunika utakapoondoka.

Mlango wa madhara ulifunguliwa na mkataba. Katika Citizen Kane, filamu yake iliyotangulia, neno la mwisho juu ya uhariri lilikuwa lake Welles. Katika filamu hii haki hiyo ilirudi kwa kampuni. Juu ya hayo, mnamo Februari 1942, kabla uhariri haujakamilika, alikwenda Brazili kupiga picha za Kanivali ya Rio, kwa ombi lililotoka katika idara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia urafiki na nchi jirani wakati wa vita, akimwachia kazi mhariri Robert Wise na kumpelekea maagizo kwa simu za maandishi.

Tarehe 17 Machi filamu ilionyeshwa kwa majaribio katika mji wa Pomona, mbele ya watu waliokuwa wametoka kufurahishwa na filamu nyepesi ya nyimbo na vichekesho. Wengi walicheka pasipochekesha, wakaandika maneno makali katika kadi za maoni. Siku mbili baadaye watazamaji wa Pasadena waliipokea vyema zaidi, walakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia: filamu ilikuwa imegharimu zaidi ya dola milioni moja, Citizen Kane haikuleta faida, na kiti cha George Schaefer, mkuu wa kampuni aliyemleta Welles Hollywood, kilikuwa kikitikisika. Nakala iliyokuwa na dakika zipatazo 132 ikatolewa kwa umma ikiwa na dakika 88.

Insafu yataka isemwe kwamba Wise hakuwa adui, na kwamba Welles mwenyewe, angali mbali, aliagiza sehemu kubwa ya katikati iondolewe. Lakini mwenye kuijua nia ya kazi hupunguza kwa kuilinda nia hiyo. Kampuni ilipunguza kwa kuogopa mtazamaji asichoke, na hapo ndipo ilipoyatoa yale yale yaliyobeba maana.

Tazama tukio la jikoni. George, kijana aliyedekezwa wa ukoo ule, anakula keki ya stroberi kwa pupa. Shangazi yake Fanny, ambaye kwa siri anampenda Eugene, mtengenezaji wa motokaa, anajifanya kumhimiza ale huku akimchokonoa amwambie habari za mtu huyo. Nje mvua inanyesha. Mjomba Jack anaingia, wanamtania mwanamke yule, naye anaondoka akilia. Kamera imetulia mahali pamoja karibu muda wote, pasipo kumkaribia mtu uso wala kuruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Tukio la namna hii halina mahali pa kutia mkasi, maana ukiondoa sentensi moja picha itaruka; ama ulichukue zima, ama ulitupe zima. Naamini hilo ndilo lililomwokoa Fanny, na pamoja naye uigizaji wa Agnes Moorehead, ambao ungali mzuri kupita kiasi. Ule mwendo wa usiku wa dansi haukupata bahati hiyo, kwani kipande kilitolewa katikati yake, na kamera, ambayo ilikusudiwa ituzungushe nyumba nzima, sasa yatuonyesha nusu ya ziara.

Mwisho ndio uliodhulumiwa zaidi. Welles alikuwa amemleta Eugene katika nyumba ya kupanga ya watu wasio na mbele wala nyuma, ambamo anamkuta Fanny katika kiti cha bembea, santuri ya vichekesho ikilia, wazee wawili wasio na la kuambiana. Badala yake kampuni ilimwamuru msaidizi wa mwongozaji, Freddie Fleck, apige tukio jipya katika ujia wa hospitali, ambamo Eugene na Fanny wanatembea kwa tabasamu chini ya taa nyeupe. Kiraka hiki hakifanani na nguo: nuru ni nyingine, na huyo Fanny anayetabasamu si yule tuliyemwona akilia jikoni.

Bernard Herrmann, aliyeutunga muziki, alipoona sehemu kubwa ya kazi yake imeondolewa na nyingine kutungwa na Roy Webb, alidai jina lake litolewe. Ndiyo maana Welles, anapowataja wenzake kwa sauti yake mwenyewe mwishoni, hamtaji mtunzi wa muziki. Vipande vilivyokatwa viliharibiwa na kampuni, na nakala iliyopelekwa Brazili haijapatikana. Kilichosalia ni maandishi ya RKO yanayoeleza, picha kwa picha, nakala ile ndefu ya Machi 1942, na yeyote anayejifunza uhariri angefanya vema kuyasoma sambamba na filamu yenyewe, akianzia na usiku wa dansi.