Wanne Msituni: Uchambuzi wa Siku Moja ya Theluji ya Unga Niseko

Theluji ya Niseko, kisiwani Hokkaido nchini Japani, huanza safari yake Siberia. Majira ya baridi bara la Asia hupoa, hewa nzito hujikusanya juu yake, kisha humiminika kuelekea baharini. Mfumo huohuo ndio unaotuletea kaskazi pwani yetu, upepo uliosukuma majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi hadi Zanzibar. Kwa upande wa mashariki, hewa hiyo huvuka Bahari ya Japani, hunywa mvuke njiani, na ikigonga milima ya Hokkaido huumwaga ukiwa theluji.

Vituo vya skii vya Niseko hutaja wastani wa takriban mita 15 kwa msimu. Lakini wingi si sifa yake kubwa. Chembe zake nzuri kabisa huota katika mawingu yenye baridi ya karibu nyuzi 15 chini ya sifuri, zenye matawi kama ya nyota, na zikilaliana huacha hewa tele katikati. Yeyusha ndoo ya lita 20 ya theluji hiyo, hupati hata lita mbili za maji.

Siku ninayoichambua ilikuwa ya Januari, tukiwa wanne, na usiku ulituachia theluji mpya ya kufika magotini. Kuteleza nje ya njia zilizoshindiliwa husimuliwa sana kwa raha zake. Mimi nataka kusimulia kazi yake, kwa sababu siku ile ilifanikiwa kwa makubaliano yaliyofanyika kabla hatujafunga viatu.

Tulianza na taarifa ya maporomoko ya theluji, ambayo hutolewa Niseko kila asubuhi. Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha kutoka kaskazini-magharibi. Upepo wa namna hiyo huzoa theluji upande unaoupiga na kuilundika upande wa kisogoni, ikawa bamba zito lililokalia tabaka dhaifu. Mabamba hayo hukatika hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Mwenzetu mmoja alitamani kilele cha Annupuri, mita 1,308. Tulimsikiliza, tukapima, tukakataa. Tulikuwa tumeafikiana kwamba pingamizi la mtu mmoja linatosha kuufuta mpango, na wala halihitaji kutetewa. Tukachagua msitu wa chini, usiofika nyuzi 30 na usio na mteremko mkali juu yake.

Kutoka nje ya kituo hupitia malango tu. Lango likifungwa, hakuna anayepita, na kuinama chini ya kamba ni kosa la kunyang'anywa tiketi. Langoni tulipima bikoni, vifaa vya kumtafutia aliyefukiwa: mmoja alitangulia, wengine wakampita mmoja mmoja, naye akahakikisha kila kifaa kinatuma mawimbi. Kila mgongo ulibeba sepetu na ufito wa kuchokolea. Aliyefukiwa na poromoko akipita dakika 15, matumaini ya kumtoa hai huporomoka, na kikosi cha uokoaji ni nadra kuwahi kabla ya hapo. Mwokozi wako ni rafiki uliyepanda naye.

Sasa kuteleza kwenyewe. Kwenye njia ngumu unaegemea ubao wa nje unapokata kona. Kwenye unga ukifanya hivyo, ubao huo unazama na kukuangusha. Miguu yote miwili hugawana uzito na kusogea pamoja, kana kwamba umesimama juu ya ubao mmoja mpana. Wengi bado huambiwa wakae nyuma. Ushauri huo ni wa enzi za mbao nyembamba, nao huchosha mapaja na kuua usukani. Kinachoinua ncha ni mwendo, kama boti ya mashine inavyopanda juu ya maji ikishika kasi. Anayeogopa na kwenda polepole ndiye anayezama. Baada ya hapo ni mdundo: kunja magoti, nyoosha, kunja, na theluji yenyewe inakupunguza kasi.

Hatari kubwa zaidi msituni ilikuwa ile isiyo na kishindo. Kuzunguka shina, hasa la msonobari wenye matawi ya chini, theluji hubaki legelege na kuacha shimo lililofunikwa. Mtu akitumbukia kichwa chini hukosa hewa, na kujitoa peke yake ni karibu muhali. Kwa hiyo tuliteremka wawili wawili kwenye miti ya gome jeupe iliyopukutika majani, ambako mashimo hayo ni machache. Tuliitana kila baada ya kona chache, na hakuna aliyekwenda mbali na macho ya mwenzake. Wa mwisho alikuwa yule mwenye nguvu kuliko wote. Ukianguka chini yake, atateleza kukufikia. Ukianguka juu yake, atalazimika kupanda kwenye theluji ya kiuno, na dakika hazitamngoja.

Tulishuka mara sita. Mara ya pili ilinipa zile kona ambazo bado nazihisi magotini: unga ulipanda hadi kifuani, sikusikia chochote ila pumzi yangu na sauti ya rafiki upande wa kushoto akiniita.

Saa nane mchana upepo ukarudi. Tulipofika langoni kwa mara ya saba, walinzi walikuwa wamelifunga. Ng'ambo ya kamba mteremko ulikuwa safi, hauna alama hata moja. Tukageuza mbao, tukashuka kwa njia iliyoshindiliwa, wote wanne.