Kurasa Nane za Kumpima Fundi

Hadithi ya katuni ya kurasa nane haina pa kujificha. Riwaya ikizubaa sura moja, msomaji huisamehe kwa ajili ya sura inayofuata. Filamu ikichoka, muziki huibeba. Lakini mchoraji aliyepewa kurasa sita, saba au nane ndani ya jarida lenye hadithi nyingine tano ana nafasi ya kuanzisha jambo, kulikoroga na kulimaliza, basi. Ukurasa unaofuata ni wa mwenzake. Ndiyo maana nikitaka kujua ustadi wa mchoraji siulizi kitabu chake kinene. Nauliza hadithi yake fupi kabisa katika jarida la mchanganyiko, na naisoma mara mbili kabla sijasema lolote.

Majarida ya namna hiyo yalipata umbo lake Marekani katika miaka ya 1930. Mwaka 1934 Famous Funnies iliuzwa kwa senti 10, lakini humo mlikuwa na katuni zilizokwisha kutoka magazetini, zimekusanywa na kuchapwa upya. Februari 1935 Malcolm Wheeler-Nicholson, aliyewahi kuwa meja jeshini, akatoa New Fun, jarida pana lililojaa kazi mpya. Katuni maarufu za magazetini zilikuwa na wenyewe, kwa hiyo ilibidi atafute vijana wasiojulikana. Wawili kati yao, Jerry Siegel na Joe Shuster wa Cleveland, walianza kuchapwa na kampuni yake mwaka huo huo. Juni 1938 Superman wao akatoka katika Action Comics namba 1, akiwa mmoja tu kati ya wahusika wengi wa jarida hilo.

Namba hiyo ni darasa zuri la kufundishia jicho. Hadithi ya Superman ilikuwa imetayarishwa kwa ajili ya magazeti, visanduku vya picha vikiwa vimepangwa mstari mmoja kwa siku. Ilipopata jarida, ikabidi ikatwe na kubandikwa upya ili ijaze kurasa 13, na vijana hao wawili wakalipwa dola 130, wakatoa na haki zote. Ukijua hilo, utaona viungo vyake: visanduku karibu vyote vina kimo kimoja, baada ya ukurasa mmoja wa utangulizi mambo yanaanza katikati ya mbio, na kila baada ya hatua chache kuna mshtuko mdogo uliokusudiwa kumrudisha msomaji wa gazeti kesho yake. Mhusika ana nguvu ya ajabu, na dunia nzima imelithibitisha hilo. Ukurasa wenyewe, hata hivyo, bado haujajua kazi yake.

Sasa weka pembeni yake The Spirit ya Will Eisner, iliyoanza Juni 1940 kama nyongeza ya magazeti ya Jumapili. Angalia hasa zile za baada ya vita, za kurasa saba. Ukurasa wa kwanza ni mlango: jina la mhusika limejengwa kama ghorofa, au limetawanyika kwenye karatasi zinazopeperushwa na upepo mtaani. Kabla hujasoma neno umeshajua ni usiku, mvua inanyesha, na kuna mtu hatafika asubuhi. Hadithi ile haiwezi kuhamishiwa kwenye ukurasa wa umbo jingine bila kuharibika. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na kinashinda vingine vyote: je, hadithi hii ilitungwa kwa ajili ya ukurasa huu, au ukurasa umeibeba tu?

Kulijua hilo, funika maneno kwa kiganja upitie picha peke yake. Usitegemee kuelewa kila kitu, lakini uelewe nani anamwogopa nani, nani anadanganya, na wapi mambo yamegeuka. Kisha fanya kinyume chake, soma maneno bila kuangalia picha. Ikiwa maneno peke yake yamekupa hadithi yote, mchoraji amefanywa mpambaji.

Kosa hili hata mabingwa wanalo. Kampuni ya EC ya William Gaines, iliyoanza mwaka 1950 kutoa majarida kama Tales from the Crypt na Weird Science, ilikuwa na wachoraji ambao sijaona kundi linalowafikia: Wallace Wood, Jack Davis, Graham Ingels, Johnny Craig. Lakini Al Feldstein, mhariri na mwandishi, alikuwa akitangulia kuandika maneno kwenye ubao wa kuchorea, mchoraji akaletewa nafasi iliyobaki. Fungua hadithi yake yoyote utaona maelezo yamekalia nusu ya kisanduku, yakisema mtu anafungua mlango huku anatetemeka, na chini yake mtu anafungua mlango huku anatetemeka. Wood anajiokoa kwa vitu: mitambo, mabomba, vivuli vyeusi tii vinavyosema mambo ambayo maelezo hayakuyafikiria. Mwenzao Harvey Kurtzman, katika jarida la vita la Two-Fisted Tales, alipanga kurasa mwenyewe kabla ya kumpa mtu achore, na ukimya wake unasikika. Hadithi aliyoichora kwa mkono wake mwaka 1952 kuhusu maiti katika mto Imjin, wakati wa vita vya Korea, ina kurasa sita tu. Soma ile sehemu ya kuzamishana majini. Visanduku vinakwenda kwa pumzi ya mtu anayekata roho.

Kilele cha mambo haya, kwa hukumu yangu, ni Master Race ya Bernard Krigstein, iliyotoka katika Impact namba 1 mwaka 1955. Mtu aliyekuwa mkuu wa kambi ya mateso ya Wanazi amekimbilia Marekani. Siku moja ndani ya treni ya chini ya ardhi anaona sura anayoifahamu. Krigstein alipewa kurasa sita. Akaona hazitoshi, akadai zaidi, mwisho akakubaliwa nane, na kwa kuwa maneno yalikuwa yameshaandikwa, alivikata visanduku na kuvipanga upya kwa nafasi aliyoipata. Ukurasa wa mwisho ndio wa kukaa nao. Mtu anaanguka relini, na badala ya picha moja kubwa ya ajali, Krigstein anachora vipande vyembamba vilivyosimama. Treni inapita, na katika madirisha yake nyuso za abiria zinajirudia na kukatika, kama jicho linavyoona gari moshi likipita kwa kasi. Kifo chenyewe hukioni. Unaona muda ukikatwakatwa. Hakuna filamu wala riwaya inayoweza kufanya hivyo kwa njia ile, na mchoraji alilipata jambo hilo kwa sababu alibanwa.

Mwaka uliotangulia, Oktoba 1954, wachapishaji wa Marekani walikuwa wamejiwekea kanuni za kudhibiti katuni baada ya kelele za wazazi na wanasiasa. Majarida ya kutisha ya EC yalikuwa yamekwisha. Master Race ilitoka wakati kampuni inahangaika kubaki hai, na wasomaji wengi hawakuiona.

Kwetu, jarida la kulinganisha nalo ni Sani, lililoanza Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na kupata jina kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Sani nayo ni mchanganyiko: katuni za wahusika wa kudumu zikiwa pamoja na hadithi za maandishi. (Majarida ya Marekani pia yalikuwa na kurasa mbili za maandishi matupu, lakini huko ilikuwa ni sharti la posta ili yapate nauli nafuu, na mara nyingi yanasomeka hivyo hivyo, kama sharti. Hadithi za Sani watu walizisoma kwa hamu.) Mchoraji aliyeipa sura yake ni Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa kijana mwaka 1986. Wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa wamekuwa majina ya kuitana mitaani, na mtoto mtundu mpaka leo huitwa Madenge na watu wasiowahi kushika jarida lenyewe.

Usiipime Sani kwa mizani ya EC. Hadithi ya EC humwangamiza mhusika wake katika kisanduku cha mwisho, kwa kuwa hatamhitaji tena. Sani inamhitaji Lodi Lofa toleo lijalo, kwa hiyo mwisho wake humrudisha mhusika pale pale alipokuwa, mfuko mtupu na tamaa mpya. Hapo cha kutazama ni njia ya kurudi: mtego ulitegwa wapi, nani aliuona, na je, mwenyewe aliuchimba kwa mikono yake? Na tazama umbo la mhusika. Mpake weusi wote akilini, abaki kivuli. Kama bado unamjua ni nani kwa tumbo, kofia na mwendo wake, mchoraji alijua kazi. Kingo ya James Gayo, iliyokuwa jarida mwaka 1993, inafaulu mtihani huo bila shida. Shujaaz ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2010 kwa Sheng, imekwenda mbali zaidi kwa kuwapa vijana wake, Boyie, Maria Kim, Malkia na Charlie Pele, kila mmoja hadithi yake ndani ya toleo moja.

Kuhusu miisho ya kushtua, msomaji wa Unguja ana mwalimu wake tayari. Aliyesoma riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, anajua mpelelezi wake, Bwana Msa, hafichui jambo ambalo halikuwa mbele ya macho yetu. Dai haki hiyo hiyo kwenye katuni. Ukifika mwisho ukashtuka, rudi kisanduku cha kwanza. Kama alama ilikuwapo, ndani ya picha na si ndani ya maelezo, umepata hadithi ya kuhifadhi.

Huku Kiwengwa katuni hupitia mlango wa Kitaliano. Hoteli za pwani hii zimezoea Waitaliano, vijana wetu wanakizungumza Kitaliano bila kukikalia darasani, na wageni wakifunga mizigo huacha vya kusomea ufukweni. Ukikuta Tex, ya Gian Luigi Bonelli na mchoraji Aurelio Galleppini, jua ilianza mwaka 1948 kama vijitabu vya mstari mmoja wa picha, na hata leo ukurasa wake unasimama juu ya mistari mitatu. Ni pumzi ndefu. Farasi anaweza kukimbia ukurasa mzima bila neno, na ni halali yake.

Ukishika nakala ya zamani, tenganisha kosa la mchoraji na kosa la mtambo. Rangi za majarida ya Marekani zilipigwa kwa wino wa aina nne, kila mmoja na bamba lake. Wekundu wa midomo ukiwa umehamia shavuni, bamba liliteleza, mchoraji hana lawama. Mikono ikiwa kama maandazi katika kila kisanduku, hiyo ni yake. Kisha fungua katikati uangalie pini. Pwani yetu inatazama mashariki, na kaskazi ya Disemba hadi Machi huleta unyevu wa chumvi mpaka ndani ya makabati. Pini huanza kushika kutu, kutu ikala mkunjo, na kurasa za kati zikaachia. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano hata ikitunzwa, hilo lisikutishe. Ikivunjika pembeni unapoikunja kidogo, iache. Usiianike juani kuikausha, usiibandike selotepu, na usiiweke sakafuni kwenye mchwa. Sanduku lenye kifuniko, juu ya rafu, jarida limelala, linatosha.

Wengi mtazisoma hadithi hizi kwenye simu, maana majarida mengi ya kale ya Marekani yaliyoishiwa haki miliki yapo bure intaneti. Basi zimeni ule utaratibu wa kuonyesha kisanduku kimoja kimoja. Tazameni ukurasa mzima kwanza, hata kama maneno hayasomeki, kwa sababu mchoraji aliuona hivyo mezani kwake. Na kama ni kununua EC iliyochapwa upya, kati ya toleo la rangi mpya za kompyuta kwenye karatasi ya kung'aa na lile la mchapishaji Russ Cochran, kubwa, la wino mweusi mtupu, chukueni la Cochran. Brashi ya Wood na kalamu ya Krigstein zinaonekana humo mstari kwa mstari.