Vitamini D ya Wodini

Tangu 2020 bado wapo wanaoutetea uamuzi ule, kwa hiyo nausema waziwazi: kutoa damu ya mgonjwa wa UVIKO-19 akiwa tayari kitandani, homa imepanda na CRP, alama ya inflamesheni, imeruka, ukapima 25-haidroksivitamini D, kisha ukaandika kwamba alikuwa na upungufu kabla hajaugua, ni kosa la upimaji. Wala si kosa la kufichwa kwenye aya ya mapungufu mwishoni mwa makala. Ndilo lililolizaa jedwali zima la matokeo.

Ripoti zenyewe mnazikumbuka. Waliolazwa wana kiwango cha chini, walioko ICU chini zaidi, waliofariki chini kuliko wote. Hitimisho likaja mbio: upungufu unaua, gaweni vidonge. Wasomaji wakabishana kuhusu dozi, kuhusu jua, kuhusu rangi ya ngozi. Wachache mno waliuliza sindano iliingia mkononi siku gani.

Siku hiyo ini lina shughuli nyingine. Linamwaga CRP, linapunguza albumini. Mishipa midogo inavuja, dripu inaizimua damu, na protini inayobeba vitamini D nayo inashuka. Sehemu kubwa ya 25-haidroksi husafiri imeng'ang'ania protini hiyo. Iliyo huru haifiki hata asilimia 1. Mashine ya maabara inasoma jumla. Mbebaji akipungua, jumla inashuka, na mashine haina namna ya kukwambia ni kwa nini. Kuuita usomaji huo hali ya mgonjwa ya miezi yote iliyopita ni kuhesabu mali ya duka wakati vibaka wamo ndani, ukaandika kwamba mwenye duka hakuwahi kununua bidhaa.

Tena kuna hesabu ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza. Nusu-maisha ya 25-haidroksi kwenye damu ni kama wiki mbili hadi tatu. Kwa kukosa jua na samaki peke yake, haiwezi kuporomoka ndani ya siku mbili. Ukiona imeporomoka hivyo, tafuta sababu kwingine.

Na jambo hili lilikuwa linajulikana! Mwaka 2011 kikundi cha Glasgow kilichapisha kazi ambayo kwa usafi wa mpango sijaona iliyoipita. Wagonjwa 33 wa kubadilishiwa goti, upasuaji uliopangwa, damu ikatolewa kabla ya kisu na baada yake. CRP ikapanda, vitamini D ikashuka kwa karibu asilimia 40 kufikia siku ya pili. Mwaka uliofuata Duncan, Talwar, McMillan na O'Reilly wakaweka mpaka: CRP ikivuka miligramu 10 kwa lita, usiitafsiri vitamini D. Kumi tu. Wodi za 2020 zilijaa watu wenye CRP ya 100 na zaidi. Wazee wale walijua kwanza upime nini, halafu lini. Kizazi cha sasa kina mashine bora mara kumi na hakina subira ya kuuliza swali la pili.

Chukueni karatasi moja ya majibu, ya kubuni, ila mmeziona nyingi za sampuli hiyo: ferritini 900, CRP 140, albumini 27, vitamini D 13. Daktari anaisoma ferritini na kusema, sawasawa kabisa, "hii ni inflamesheni, usiiamini." Anashuka mistari mitatu kwenye karatasi hiyohiyo, ya damu ya saa hiyohiyo, na kuandika "upungufu mkubwa wa vitamini D." Kwetu, nchi za malaria, ambako ferritini bila CRP ni kichekesho cha darasani, hili halina utetezi.

Hiyo 13 nayo ni ng/mL. Kwa nmol/L ni kama 32. Na kiwango kinachotosha kinaanzia wapi? Vizingiti nimeshavilalamikia mara nyingi na sitaacha. Mwaka 2011 Endocrine Society ilipanda hadi ng/mL 30 wakati Institute of Medicine ilitosheka na 20, nusu ya dunia ikalala mzima ikaamka mgonjwa. Mwaka 2024 Endocrine Society hiyohiyo ikaiacha namba yake. Waliouziwa vidonge hawakurudishiwa chenji.

Watetezi wana hoja moja ya maana: kiwango cha chini kinatabiri kifo. Kinatabiri, sikatai. Hata albumini inatabiri, na sijamsikia mtu akisema mgonjwa wa sepsisi aliugua kwa sababu albumini yake ilikuwa chini.

Waliofanya vizuri wapo. UK Biobank walitumia damu ya 2006 hadi 2010, na baada ya marekebisho uhusiano na maambukizi ukayeyuka. Waholanzi wa Nijmegen waliwachoma endotoksini watu wenye afya na vitamini D ikashuka bila kirusi chochote. Brazil wagonjwa 240 wa UVIKO-19, nusu yao wakapewa uniti 200,000 kwa mkupuo, na siku za kulazwa hazikupungua. Dar es Salaam, watu wazima 4,000 wenye viwango vya chini walioanza ARV waligawanywa kati ya vitamini D na plasebo. Vifo havikupungua, wala kifua kikuu.

Wapo wanaonijibu kwamba dawa ya kosa hili la upimaji ni rahisi, watarudia kipimo siku ya kumruhusu mgonjwa. Hao hawajalisoma jedwali la Glasgow hadi mwisho: miezi mitatu baada ya upasuaji wa goti, kiwango kilikuwa bado hakijarudi pale kilipoanzia.